Kuku Wadogo Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Mfugaji wa Nyanda za Juu

Ukitoka nje saa 11 alfajiri mwezi wa Juni pale Njombe, nyasi zinalia chini ya viatu. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi, na maji uliyoyasahau kwenye beseni yameshika utando wa barafu unaovunjika kwa kidole. Makete kuna baridi zaidi, Kitulo usiseme. Kuku mkubwa wa kienyeji hujikunyata tu mpaka jua litoke. Bantamu, yaani kuku wa umbo dogo wa nusu kilo hivi, hana akiba hiyo, na wengi wanaonunua kuku wa mapambo Dar es Salaam au Morogoro wakawapandisha huku hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Chukua sufuria ya viazi vilivyoiva, uvimwage kwenye sinia. Kile kidogo kama yai unakimenya muda si mrefu, na kile kikubwa bado kinakuunguza vidole. Kuku nao ni hivyo hivyo. Mkubwa kwa mdogo, mwili wa kuku hukaa kwenye nyuzi 41 hivi za Selsiasi, ila mdogo ana ngozi nyingi ya kupotezea joto na nyama kidogo ya kulitengeneza. Usiku wa Juni huku una urefu unaokaribia saa 12 na nusu. Muda wote huo hali chakula, na gole lake, ule mfuko wa chakula shingoni, likijaa kabisa ni kama ndimu. Mengi nitakayoeleza yanazunguka hapo: amalize usiku akiwa mkavu, na tumboni mwake kuwe bado na kitu.

Nimeandika kwa kufuata Njombe kwa sababu ndiko ninakofugia. Aliye Mufindi, Uporoto, Limuru au Kinangop hatabadilisha mengi.

Kwanza: jua una kuku gani

"Kuku wadogo" ni jina la jumla, na baridi haiwapigi sawa.

Bantamu wa kawaida, mwenye manyoya yaliyobana mwili, ndiye mgumu kuliko wote. Ukimpa pahali pakavu pasipo upepo anapita kipupwe bila matatizo. Ching'wekwe wetu wa kienyeji, wale wafupi wanaojulikana upande wa Morogoro, nao wavumilivu, ila aliyezoea joto mlete mapema, Machi au Aprili, azoee kidogo kidogo na aote manyoya ya kutosha.

Serama ndiye wa kumwonea huruma. Asili yake ni Malaysia, nchi ya joto mwaka mzima, na wengi hawafiki hata nusu kilo. Kama huna muda wa kumwangalia kila jioni, usimfuge juu ya mita 1,800. Huo ni msimamo wangu na nimegombana na watu kwa ajili yake.

Silki anadanganya. Ukimwona unadhani kavaa blanketi. Lakini unyoya wake hauna vile vindoano vidogo vinavyoshika unyoya wa kuku wengine ukawa kama ubao mmoja, kwa hiyo maji hayateremki juu yake, yanazama mpaka kwenye ngozi. Silki mkavu yuko salama, ila Silki aliyeloa jioni ni mgonjwa wa kesho.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda kwenda juu ambaye wengine humwita nungunungu, yuko kundi hilo hilo: upepo unaingia moja kwa moja. Kishingo, yule wa shingo tupu, naye ameumbwa kwa ajili ya joto, maana manyoya yake ni pungufu kwa hadi asilimia 40. Hawa watatu wapange sehemu ya katikati ya kichanja, yaani ubao wa kulalia, kila mara (Silki anayelala chini nitamweleza mbele), au uwatengenezee sanduku nitakaloeleza chini.

Banda: kausha, usizibe

Nianze na kosa langu. Mwaka wa pili wa kufuga nilinunua nailoni nikafunika banda lote, dirisha na hata mwanya ulioko chini ya paa. Usiku wa kwanza ndani kukawa na joto kweli, nikajisifu. Siku ya nne nilipofungua mlango alfajiri, harufu ilinichoma macho kabla haijafika puani. Bati lilikuwa limetoka jasho, na matone yalikuwa yanadondoka moja moja juu ya migongo ya kuku. Silki wamelowa, manyoya yamekamatana kama pamba iliyomwagikiwa chai. Bibi jirani, ambaye amefuga kuku tangu kabla sijazaliwa, alichungulia akacheka.

"Mjukuu wangu, kuku hawa umewapika kwa mvuke."

"Bibi, nilikuwa nawakinga baridi."

"Baridi iko nje. Humu umewawekea mvua."

Wiki mbili baadaye walikuwa wanakoroma puani, na nilizika watano. Kuku anapumua maji usiku kucha na kinyesi chake kina maji mengi. Usipoupa mvuke huo njia ya kutokea, unapanda, unakutana na bati la baridi, unarudi chini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kuta za chini, kuanzia sakafuni hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala, zisipitishe upepo hata kidogo. Kwetu mabanzi ya mashine za mbao yanapatikana kwa bei ndogo; yapigilie, kisha ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Gunia la katani au viroba vilivyoshonwa pamoja vinafaa kwa dharura. Halafu juu kabisa, ukutani chini ya paa, acha mwanya wa upana wa kiganja katika pande mbili, uuzibe kwa wavu ili kicheche asipite. Mwanya huo haufungwi Juni, haufungwi Julai, haufungwi hata sakitu ikianguka.

Chini ya bati panga fito zenye nafasi katikati, na juu yake tandaza majani makavu unene wa sentimita 15. Mvuke unapenya kwenye fito, majani yanaunyonya, kisha unatokea kwenye mwanya. Bati likitoka jasho, tone linaishia kwenye majani. Kagua panya humo kila wiki.

Kama bado hujajenga, kumbuka mwezi wa Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, na upepo wa kusi unatokea kusini-mashariki. Banda liangalie kaskazini, mgongo uwe kwa kusi. Na liwe dogo. Bantamu 10 wanatosha kwenye mita 2 za mraba, urefu mita 1.2 hivi. Banda refu la kusimama mtu ni raha kwa mfagiaji, ila joto la ndege wa nusu kilo linapotelea juu kabla halijamfaa mwenyewe.

Kupima kama umefaulu, ingia usiku na mshumaa, ushike kwenye usawa wa kichanja, mbali na matandazo. Mwali ukilala upande, kuna upepo, tafuta ufa. Ukisimama wima, inua mshumaa mpaka usawa wa mwanya: hapo mwali utikisike. Usipotikisika kabisa, hewa haitoki.

Matandazo

Maranda ya mbao ndiyo bora, na Njombe na Mufindi huna kisingizio cha kuyakosa. Chukua ya mbao kavu ambazo hazijatiwa dawa. Pumba za mpunga zinafaa pia, ila kwetu zinatoka mbali. Vumbi laini la msumeno liache; vifaranga hulila, na wakubwa linawapalia.

Mwaga unene wa sentimita 10 hadi 15 mwezi wa Mei, kabla baridi haijaanza. Usiyatoe kila wiki. Yageuze kwa reki, ongeza makavu juu, yakae msimu mzima. Tabaka la chini linaoza taratibu na kutoa joto kidogo. Sehemu ya chini ya kichanja ndiyo inayoloa, hivyo toa ile tu.

Kuna vipimo viwili. Fumbata maranda mkononi: yakibaki donge, yana maji mengi. Cha pili watu hukisahau: chuchumaa, shusha pua mpaka kimo cha goti. Wewe unanusa hewa ya mita moja na nusu juu, bantamu anavuta hewa ya sentimita 20 kutoka sakafuni. Ukisikia mchomo pale chini, kuku wamekuwa wakiusikia kwa siku kadhaa.

Kichanja na sanduku la usiku

Kuku akilala huikalia miguu yake, manyoya ya kifua yakaifunika. Fito nyembamba inamlazimisha kukunja vidole vikabaki nje. Tumia ubao wa upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo umezipiga randa zisikate. Usitumie bomba la chuma, litanyonya joto lake usiku mzima. Kila bantamu apate sentimita 15 hadi 20, na kichanja kiwe sentimita 40 tu kutoka chini. Silki hawaruki, wengi hupenda kulala chini wamerundikana. Wape beseni pana au kreti lenye majani makavu kwenye kona isiyo na upepo.

Ukifuga wadogo pamoja na wakubwa, nenda ukawaangalie saa 1 usiku. Utakuta kuku wakubwa wameshika katikati, na bantamu wamesukumwa mwisho wa kichanja, karibu na ukuta wa baridi. Watenganishe usiku. Wala usifuge mmoja au wawili peke yao. Wanaopashana joto ni wanne, watano na kuendelea.

Sanduku la usiku ndilo limenisaidia kuliko yote. Ni sanduku ndani ya banda. Kwa bantamu 8, tengeneza la mabanzi lenye urefu wa mita 1.5, kina cha sentimita 50 na kimo cha 80. Mgongo na pande mbili vizibwe, mbele wazi. Kichanja kiwekwe ndani kwa sentimita 35 kutoka chini, ili kutoka kwenye kichanja hadi paa la sanduku pabaki sentimita 45 tu. Mbele ning'iniza gunia lifike usawa wa kichanja, lisiguse chini. Toboa matundu manne ya kuingia dole gumba, juu kabisa ubavuni.

Weka mkono humo ndani saa 11 alfajiri na mwingine nje ya gunia, utaelewa bila kuelezwa. Usiku wa kwanza na wa pili itabidi uwaingize kwa mikono. Wa tatu wataingia wenyewe.

Chakula na maji

Kuku kwenye baridi anakula kuni zake. Bantamu anayekula gramu 40 hadi 60 kwa siku ataongeza, na usimbanie. Asubuhi na mchana mpe chakula chake cha kawaida chenye protini, yaani dagaa na mashudu ya alizeti yakiwemo, kwa kuwa manyoya ni protini. Jioni saa 11, kabla hawajapanda, wape nafaka: mtama, au mahindi yaliyoparazwa. Mahindi mazima yanamtesa Serama, punje ni kubwa kwa koo lake. Nusu kiganja kwa kuku mmoja inatosha. Nafaka husagika polepole, na kazi hiyo inazaa joto usiku.

Saa 1 usiku papasa gole. Likiwa limejaa, limelainika kidogo, mwache. Aliye na gole tupu kanyimwa na wenzake. Kesho mlishe kando.

Wakati huo huo pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Manyoya ya kipupwe yanaficha ukondefu, na jicho halioni kitu mpaka siku unapomkuta amelala chali. Mfupa ukiwa mkali kama mgongo wa kisu, kuna minyoo, utitiri au njaa.

Maji yawe ya uvuguvugu asubuhi, yabadilishwe mara moja mchana. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba. Silki na wengine wenye ndevu huchovya ndevu kwenye beseni pana, kisha wanakwenda kulala na kitambaa kibichi shingoni. Jioni, nafaka ikishaliwa na wakanywa, maji yatoke bandani. Usiku hawanywi, na maji yaliyoachwa ndani yanaongeza unyevu tu.

Moto, taa na hatari zake

Kuku wazima waliokamilika manyoya hawahitaji moto, hata Njombe. Ukizoesha banda joto la taa, umeme ukikatika saa 8 usiku wanapata baridi ya ghafla ambayo miili yao haikujiandaa nayo.

Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa ni kifo. Watu hudhani mkaa ukishakolea na moshi kuisha, hatari imekwisha. La hasha. Ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu, na inaendelea kutoka mpaka mkaa uzimike. Ndege mdogo anapumua haraka, anatangulia. Na maranda makavu yanashika moto kwa cheche moja.

Mgonjwa au aliyeloa ndiye wa kupewa joto, tena ndani ya nyumba: boksi, majani makavu, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa mara mbili upande mmoja, ili akichoka na joto asogee.

Vifaranga

Shauri langu la kwanza ni usitamishe mayai mwezi wa Mei hadi Julai. Mayai ya bantamu huanguliwa siku ya 19 hadi 21, kwa hiyo koo (mama kuku) aliyelalia Juni mwanzoni anakuletea vifaranga kwenye wiki mbaya kuliko zote. Akiatamia Agosti katikati, watoto wanatoka Septemba jua limerudi.

Ikishatokea, koo ni bora kuliko kifaa chochote. Bantamu anayefunika mayai 8 wakati wa joto mpe 5 au 6 wakati wa baridi, maana yai linalobaki pembeni linapoa na zamu ikigeuka linafuata lingine. Mweke sehemu yenye kuta, peke yake. Usimpe vifaranga wa kuku wakubwa. Wakifika wiki ya tatu hawaenei chini ya mbawa, na wadogo ndio wanaosukumwa nje.

Bila koo, tumia kinengunengu, lile duara la karatasi ngumu au bati lenye chanzo cha joto katikati. Kwenye usawa wa migongo ya vifaranga, wiki ya kwanza pawe na nyuzi 33 hadi 35. Punguza nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Kipimajoto kikikosekana, sikiliza. Wakirundikana katikati na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wote wakiwa upande mmoja, upepo unapenya upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamejilaza, nenda kalale.

Kama unatumia jiko la mkaa kwa ajili ya vifaranga, chumba kiwe kikubwa, chenye mwanya juu, mkaa uwashiwe nje mpaka ukolee, na jiko lizungushiwe wavu. Ukiweza, tumia bruda (makao ya kulelea vifaranga) isiyo na moto: boksi ndani ya boksi, nafasi ya sentimita 10 katikati imeshindiliwa majani makavu, na juu blanketi lenye upenyo wa hewa linaloshuka karibu na migongo yao. Vifaranga wanajipasha kwa joto lao wenyewe usiku, mchana wanatoka kula. Kundi likiwa dogo halitoshi kupashana. Ongeza chupa ya maji moto na uibadilishe usiku wa manane. Tia kokoto kwenye sahani ya maji, kwani kifaranga wa Serama anazama kwenye maji yasiyofika kifundo cha kidole chako.

Wengi huwatoa nje wakiwa na wiki 5 au 6. Huku kwetu, kipupwe, nasubiri wiki ya 8, na hata hapo saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri tu.

Chanjo na wadudu, kabla ya Juni

Chanja kideri mwezi wa Mei. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni, na kipimo ni kile kile kwa Serama na kwa jogoo la kuchi. Usipunguze eti huyu ni mdogo. Rudia kila baada ya miezi 3. Utitiri hujificha kwenye nyufa za vichanja na kunyonya damu usiku, na ndege mdogo hana damu ya kugawa. Paka nyufa mafuta ya injini yaliyotumika, na chini ya mbawa nyunyiza unga wa pareto, ambao Makete na Njombe tunaulima wenyewe.

Asubuhi ya sakitu

Usifungue mlango saa 12. Acha jua lipige ukuta, nyasi zikauke, hata ikiwa saa 3. Wenye manyoya miguuni na Silki ndio wanaoumizwa na nyasi zenye maji. Wape chakula ndani.

Angalia upanga wa jogoo. Ncha zikiwa nyeupe au kijivu baada ya usiku wa barafu, zimeungua kwa baridi. Usizisugue, usizipashe kwa moto, zitakauka zenyewe. Wewe rudi ukapime unyevu wa banda, maana upanga mkavu hauungui upesi.

Ukimkuta mmoja kalala ubavu, miguu ya baridi, macho yamefumba, usimmiminie kitu mdomoni. Kitaingia kwenye mapafu. Mfunge kwenye khanga au fulana kavu, mweke kifuani ndani ya koti, tembea naye ukifanya kazi zako. Nusu saa, saa nzima. Akianza kunyanyua shingo na kukwaruza, mpe matone ya maji ya uvuguvugu yenye sukari ubavuni mwa mdomo, kisha uji mwepesi wa mtama. Usimrudishe bandani siku hiyo. Na usiku ukiingia, kabla hujafunga, hesabu vichwa ndani ya sanduku kwa tochi: aliyepungua mara nyingi utamkuta amejibanza peke yake nyuma ya ndoo ya chakula.